Kifaa cha kunawia mikono cha kukanyaga: urithi wa UVIKO-19 unaostahili kununuliwa hata leo

Machi 2020, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa Kenya tarehe 13 na Tanzania tarehe 16, milango ya maduka, benki, misikiti, makanisa, vituo vya mabasi na mabanda ya mama lishe ilijaa ndoo za maji na chupa za sabuni ndani ya siku chache. Haukupita muda mrefu mafundi wa kuchomelea wakaanza kutoa kitu bora zaidi: fremu ya chuma iliyobeba ndoo juu, beseni katikati na makanyagio mawili chini, moja la sabuni na jingine la maji, ili anayenawa asilazimike kugusa chochote kwa mkono. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, na tangu hapo ndoo nyingi zimerudi kwenye kufulia nguo, na fremu nyingi zimesogezwa nyuma ya majengo zinakoshika kutu. Tathmini hii inahusu zile zilizobaki zikifanya kazi. Nimekuwa nikizitumia kwa miaka kadhaa sasa, kwenye mgahawa ninakokula mchana jijini Dar es Salaam na kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu, na ninaamini kwa dhati kwamba hakuna kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa zaidi kwa afya ya watu wanaokula au kusoma pamoja.

Kipindi kile kilituachia mazoea mengine mazuri, kama vile kuvaa barakoa mtu anapokuwa na kikohozi, kuacha madirisha ya daladala wazi, na kulipa kwa simu badala ya kupokezana noti zilizochakaa. Yote nayaunga mkono. Lakini mengi kati ya hayo hudai mtu akumbuke na aamue upya kila siku, ilhali kunawa mikono hutegemea zaidi kama maji, sabuni na mahali pa kunawia vipo hatua chache kutoka pale anapokula au anapotokea chooni. Vikiwepo, watu hunawa bila kuhimizwa. Vikiondolewa, hata aliyefundishwa vizuri hupangusa mikono kwenye nguo na kuketi mezani. Kwa sababu hiyo nakipima kifaa hiki kwa swali moja: je, kinaweza kuendelea kutoa maji na sabuni mwaka hadi mwaka, hofu ikiwa imekwisha na hakuna anayesimama mlangoni kukagua?

Ukikitazama kwa karibu, utaona kwamba ufundi wake ni mwepesi na mtu yeyote anaweza kuufuatilia kwa macho. Fremu huchomelewa kwa bomba za mraba. Ndoo ya plastiki ya lita 20, au tenki dogo kwa sehemu zenye watu wengi, hukaa juu, na mkono wa koki yake hufungwa waya wa breki wa baiskeli unaoshuka hadi kwenye kanyagio la kulia. Ukikanyaga, waya huvuta mkono wa koki na maji hutoka. Ukiinua mguu, springi huurudisha mkono huo mahali pake na maji hukatika. Upande wa kushoto, ufito mwembamba wa chuma huunganisha kanyagio la pili na kipande cha bati kilichoegemea kichwa cha pampu ya chupa ya sabuni, na mguu ukishuka bati hubonyeza pampu, sabuni ikadondokea kiganjani. Maji machafu huangukia kwenye beseni lenye tundu, hupita kwenye bomba fupi na kuishia kwenye ndoo ya pili iliyo chini au kwenye mfereji. Hakuna umeme wala kipuri cha kuagiza nje ya nchi, na kila kilichomo kinapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi au kwa fundi baiskeli.

Ubora wake mkubwa ninauona pale ambapo ndoo ya kawaida yenye koki ina udhaifu. Kwenye ndoo hiyo, mkono mchafu ndio unaofungua koki, na mkono uliokwisha kunawa hurudi kwenye koki ile ile kuifunga, ukachukua tena sehemu ya uchafu ulioachwa na kila aliyetangulia. Wapo wanaofunga kwa kiwiko, nao nawapongeza, lakini ni wachache. Zaidi ya hapo, anayenawa kwenye ndoo yenye koki huiacha wazi muda wote anaposugua mikono, kwa kuwa anaona tabu kuifunga ikiwa imejaa povu. Kwenye kifaa cha kukanyaga maji hukatika yenyewe mguu unapoinuka, na mtu husugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha bila tone kupotea, kisha hukanyaga tena kusuuza. Tukikadiria nusu lita kwa mtu mmoja, ndoo ya lita 20 huhudumia watu 40, na kwa mama lishe anayenunua maji kwa dumu hesabu hiyo ni pesa inayobaki mfukoni.

Faida ya kiafya haihitaji kutiwa chumvi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinaeleza kwamba elimu ya kunawa mikono katika jamii hupunguza idadi ya wanaougua kuhara kwa asilimia 23 hadi 40, na magonjwa ya njia ya hewa kama mafua kwa asilimia 16 hadi 21. Virusi vya UVIKO-19 vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, lakini kazi ya sabuni haiishii kwa virusi hivyo: huliondoa pia tabaka la mafuta na uchafu ambamo vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo hujishika, na maji tiririka huvisukuma vyote nje ya ngozi. Kitakasa mikono hakiwezi kushika nafasi hiyo penye chakula. Hakiondoi uchafu, nguvu zake hupungua kwenye mikono yenye mafuta au tope, na baadhi ya virusi vinavyosababisha kuhara na kutapika hustahimili spiriti vizuri kuliko tulivyodhani. Kitakasa nakibeba safarini. Nikifika mezani nataka sabuni na maji.

Nalisema hili nikijua kwamba wengi wetu tunakula kwa mikono, na kwamba heshima ya kunawa kabla ya kula haikuletwa na janga. Tangu zamani mgeni hunawishwa, na kijana wa nyumbani hupita na jagi na beseni, akimmiminia kila mmoja maji ya uvuguvugu kuanzia kwa wakubwa. Huko nako ni kunawa kwa maji tiririka. Kilichokuwa na hatari ni bakuli moja la maji linalozungushwa mezani, kila mtu akichovya vidole ndani yake bila sabuni, na wa mwisho akapokea maji yaliyobadilika rangi. Desturi hiyo ya bakuli ilipungua sana wakati wa UVIKO-19, na nafurahi kuona kwamba katika familia nyingi haijarudi. Kifaa cha kukanyaga kimechukua kazi ya jagi pale ambapo hakuna kijana wa kumiminia watu, yaani kwenye mgahawa wenye wateja wengi, shuleni, sokoni na kwenye msiba.

Mgahawa ninaouzungumzia hujaa kuanzia saa sita na nusu mchana. Wanaokuja ni madereva wa bodaboda, makarani, wauza vipuri na mafundi magari wenye grisi hadi kwenye viwiko. Mama mwenye mgahawa amekiweka kifaa chake kati ya mlango na meza ya kupakulia chakula, mahali ambapo haiwezekani kupita bila kukiona, na watu hupanga mstari wa kunawa kisha mstari huo huo huendelea hadi kwenye sufuria. Uamuzi huo wa mahali pa kukiweka una uzito kuliko tangazo lolote la ukutani. Kijana wa jikoni hujaza ndoo asubuhi na hujaza tena baada ya wimbi la kwanza la wateja, na wakati huo huo humwaga ndoo ya maji machafu. Sabuni ni ya maji, nzito, na haijaongezwa maji hadi ikapoteza povu. Pembeni kuna karatasi za kupangusia na kapu la kuzitupia, kwa kuwa taulo moja la wote lingerudisha kila kilichoondolewa. Nimewahi kuona mteja mgeni akipitiliza moja kwa moja hadi kwenye kiti, na fundi mmoja aliyekuwa kwenye mstari akamwambia kwa upole, "Kaka, karibu, tunaanzia hapa kwanza." Yule mgeni akarudi na kunawa. Sijawahi kuona afisa wa afya akipata utiifu wa haraka kiasi hicho.

Ipo sehemu nyingine ya kula, ambayo sitaitaja, yenye kifaa cha aina hiyo hiyo, kizuri zaidi hata kwa rangi. Kimewekwa uani, njia ya chooni, ndoo yake mara nyingi ni tupu, na chupa ya sabuni imejaa maji yaliyotiwa rangi ya waridi. Wateja wake hawanawi. Fremu ni zile zile, waya ni ule ule, na tofauti yote imetokana na kwamba hakuna mtu aliyekabidhiwa jukumu la maji na sabuni. Kwa hiyo anayetaka kununua kifaa hiki amteue mtu huyo kabla ya kwenda kwa fundi, na bei ya sabuni aiingize kwenye gharama za kila mwezi kama anavyoingiza mkaa au gesi.

Sasa nieleze udhaifu wa kifaa chenyewe, kwa sababu upo. Kinachoharibika kwanza ni waya wa breki. Nyuzi zake hukatika moja moja pale zinapojipinda kwenye mkono wa koki, kanyagio linaanza kuwa zito au linashuka bila maji kutoka, na watu hudhani ndoo imekauka. Kubadilisha waya ni kazi ya dakika chache kwa fundi baiskeli, lakini mwenye kifaa asipokuwa makini, kifaa kizima huachwa kwa ajili ya waya mmoja. Cha pili ni springi, ambayo kwa kukaa karibu na maji hushika kutu na kuchoka, ikashindwa kuufunga mkono wa koki hadi mwisho, na koki ikabaki ikidondosha. Cha tatu, na kinachoniudhi zaidi, ni upande wa sabuni. Chupa zenye pampu hutofautiana kwa urefu, kwa hiyo chupa ya kwanza ikiisha na kuwekwa nyingine iliyo fupi kidogo, bati haliifikii pampu, na baada ya siku mbili watu huanza kubonyeza kwa mkono, jambo linaloua nusu ya maana ya kifaa. Dawa yake ni kutotupa chupa ya kwanza, bali kuijaza tena, au kumwomba fundi aweke nati ya kurekebisha urefu wa ule ufito.

Beseni nalo lina habari yake. Mafundi wengine hutumia bati jembamba lisilo na mteremko kuelekea kwenye tundu, na matokeo yake ni kwamba maji yenye sabuni hutuama, hutoa harufu na hula bati kutoka chini. Beseni la plastiki lililotobolewa na kukaa ndani ya duara la chuma halina tatizo hilo, na likichakaa hubadilishwa kwa urahisi. Sakafu mbele ya kifaa nayo huloa na kuteleza, hasa ikiwa ya vigae, hivyo kipande cha mpira au kokoto chini ya miguu ni jambo la lazima wala si pambo. Ndoo ya juu iwe na mfuniko unaokaa vizuri, kwani maji yaliyoachwa wazi hukusanya vumbi na mbu hutaga humo.

Shuleni mambo ni mengine. Kifaa kilichotengenezwa kwa kimo cha mtu mzima humfanya mtoto wa darasa la kwanza anyooshe mikono juu, na maji yote humtiririkia kwenye viwiko na sare. Zaidi ya hapo, kanyagio lenye springi ngumu linamshinda kwa uzito wake, hivyo huruka juu yake kwa miguu miwili, na hapo waya hauwezi kudumu. Kamati ya shule yetu iliagiza vifaa vifupi zaidi, vyenye springi laini, na watoto walivitumia vizuri. Hata hivyo vifaa viwili au vitatu vya chuma havitoshi kwa shule yenye mamia ya wanafunzi wanaotoka mapumziko kwa wakati mmoja, na ni hapo ndipo ningependekeza bila kusita kibuyu chirizi kisaidie. Ubunifu huo ulianzia Zimbabwe miaka ya 1980, na unahitaji dumu dogo lililotobolewa kwa msumari, miti miwili yenye panda, kamba, na kijiti cha kukanyaga chini kinachoinamisha dumu. Kipande cha sabuni hutobolewa na kuning'inizwa pembeni. Kokoto zikimwagwa chini yake, hapatakuwa na tope. Watoto wenyewe wanaweza kukitengeneza, kukivunja na kukitengeneza tena, na si jambo la kushangaza kwamba mwaka 2020 Rais wa Kenya alimtunuku mvulana wa miaka tisa wa Kaunti ya Bungoma aliyetengeneza kifaa cha kukanyaga kwa mbao na misumari.

Kwa shule isiyo na fungu la sabuni ya maji, njia iliyothibitika ni kuchanganya takriban gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia na lita moja na nusu ya maji kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha kutumika, kisha kutoboa kizibo chake. Mchanganyiko huo hutoa povu la kutosha, hugharimu kidogo sana, na hakuna mwenye hamu ya kuuiba, tofauti na kipande cha sabuni ambacho shuleni hakikai siku mbili.

Najua wapo watakaosema kwamba ugonjwa umekwisha na kifaa kinachukua nafasi ya meza moja ya wateja. Kipindupindu hakikuondoka pamoja na UVIKO-19. Kilikuwepo kabla yake, kama tulivyoona kuanzia Agosti 2015 kilipolipuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, na kimerudi tena mara kadhaa baadaye. Virusi vya Marburg vilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025 wilayani Biharamulo, na mara zote mbili wananchi walihimizwa kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF za mwaka 2020 zilionesha kwamba watu bilioni 2.3 duniani hawakuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni nyumbani kwao. Mteja anayekula kwenye mgahawa wako mchana huenda yumo katika idadi hiyo, na beseni lako likawa ndilo pekee analokutana nalo kwa siku nzima. Meza moja ni gharama ndogo kwa kazi hiyo.

Bei ya kifaa hutegemea unene wa chuma na ukubwa wa tenki, na hufika mara kadhaa ya bei ya ndoo ya kawaida yenye koki. Mwenye banda dogo asikope ili akinunue. Ndoo safi yenye koki, sabuni nzuri na mtu wa kuijaza vitamfaa kuliko kifaa cha gharama kisicho na maji. Lakini kwa mgahawa wenye mstari wa wateja, shule, zahanati, soko au ofisi inayopokea watu kutwa nzima, nakipendekeza kwa moyo wote, na nashauri kiagizwe kwa fundi badala ya kuchukuliwa kile kilichosimama barabarani kikipigwa na jua. Mweleze fundi kimo cha watakaokitumia. Taka bomba za mraba zilizopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, beseni la plastiki linalotoka, ufito wa sabuni wenye nati, na bomba la maji machafu lenye upana wa kutosha kupitisha punje za wali, maana wapo watakaonawa baada ya kula. Kabla ya kulipa, jaza ndoo hapo hapo karakanani, kanyaga mara nyingi mfululizo, uangalie kama koki inakatika kabisa unapoinua mguu na kama fremu inatikisika. Kisha nunua waya mwingine wa breki na springi moja ya akiba, uvifunge kwenye mfuko na kuuning'iniza nyuma ya fremu, mahali ambapo kijana anayejaza maji atauona siku ambayo waya wa kwanza utakatika.